Mwopoaji si mwenye meli

Riwaya za mapenzi na taharuki zenye meli iliyozama zina wapenzi wengi Nairobi, nami ni mmoja wao. Mzamiaji mtanashati, binti anayefukua historia ya ukoo wake, adui anayewanyemelea kwa mashua usiku: utamu mtupu. Kinachonikera ni mazungumzo yanayofuata. Kila kitabu kikimalizwa, kwenye vikundi vya wasomaji au pale kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, hapakosi wa kusema, "Si yeye ndiye ameiopoa? Basi ni yake." Hata wanafunzi wa sheria wanasema hivyo.

Uopoaji ni huduma ya hiari ya kuokoa meli au mali iliyo hatarini majini, na huduma hiyo ikifaulu, aliyeitoa anastahili kulipwa. Asipookoa kitu, kwa kawaida halipwi kitu. Mkataba wa Kimataifa wa Uopoaji wa mwaka 1989 umeyaeleza hayo, na ukaongeza kwamba malipo hayawezi kuzidi thamani ya kilichookolewa.

Hapo watu wanakubali, kisha wanateleza. Anayestahili kulipwa ni mdai. Fundi wa magari pale Grogan, Nairobi, akikutengenezea gari anaweza kulizuia gereji hadi umlipe, lakini logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, inabaki na jina lako. Mwopoaji naye ana nguvu hiyo hiyo juu ya shehena aliyoitoa majini: anaweza kuizuia, anaweza hata kuiomba mahakama iiuze ili alipwe. Umiliki haumfuati kwa sababu tu alizama wa kwanza. Ya mwenye kisu kikali kula nyama hayana nafasi hapa.

Wala hili si jambo la juzi. Sheria ya Bahari ya Rodo, iliyotumika enzi za Bizanti, yaani Dola la Roma ya Mashariki, ilimpa aliyetoa dhahabu au fedha kwenye kina cha pima nane theluthi moja ya mali, na aliyezama pima kumi na tano akapewa nusu. Hatari ikizidi, ujira unazidi. Lakini tazama: hata huyo wa pima kumi na tano, aliyeweza kufia huko chini, alibakisha nusu ya mwenye mali.

Meli ya SS Central America ilizama mwaka 1857 karibu na pwani ya Marekani ikiwa na dhahabu kutoka California. Ilipopatikana, kampuni za bima zilizokuwa zimelipa fidia karne ya kumi na tisa zikajitokeza mahakamani. Jaji wa kwanza alisema mali ni ya waliopata. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikatengua: hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kampuni hizo zilikuwa zimeitelekeza dhahabu yao. Waopoaji wakaishia kupewa takriban asilimia 90, kama ujira. Najua utasema asilimia 90 ni karibu yote. Ni karibu yote, naam, lakini ile kumi iliyobaki ilikuwepo kwa sababu dhahabu ilikuwa na wenyewe, miaka zaidi ya 130 baada ya dhoruba.

Sasa rudi kwenye riwaya. Binti anafungua kasha la babu na kukuta hati ya shehena: karatasi imeliwa na mende pembeni, orodha ya marobota, jina la mfanyabiashara, sahihi ya nahodha. Wasomaji huiona kama kumbukumbu ya kuliza machozi. Mimi naiona kama silaha. Swali ni babu alikuwa nani kwenye karatasi hiyo. Kama ni nahodha tu, wajukuu wamerithi sifa yake, kwa maana nahodha huendesha meli ya mtu mwingine. Kama ndiye mfanyabiashara, ukoo una hoja ya kupeleka mahakamani. Na kama aliwahi kulipwa na bima, hoja hiyo imehamia kwa aliyemlipa. Hapo ndipo taharuki ilipo, na waandishi wengi wanapita mbio kukimbilia busu.

Manowari ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani ilitoa karibu sarafu 600,000 kwenye mabaki ya Nuestra Señora de las Mercedes, manowari ya Uhispania iliyolipuka vitani mwaka 1804. Wazao wa wafanyabiashara waliokuwa na mali ndani yake walidai haki yao mahakamani, kama kwenye riwaya hasa. Hawakupata. Meli ilikuwa ya serikali ya Uhispania, na mwaka 2012 sarafu zikarudishwa Uhispania. Waopoaji nao hawakuambulia hata ujira.

Na tafadhali, tusiiite uopoaji kazi iliyofanyika Mombasa. Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome hiyo ilipozingirwa na maadui, ilichimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia 1977 hadi 1980. Hakuna mzamiaji aliyegawiwa fungu. Vitu vilivyotolewa vimehifadhiwa makumbushoni pale pale ngomeni, na safari ya kwenda kuviona haihitaji zaidi ya tiketi ya treni na ya kuingilia ngomeni.

Kwa hiyo ukifika ule ukurasa ambao mzamiaji anasimama sitahani, maji yakimtiririka, na kumwambia binti, "Meli hii ni yangu," mpende ukitaka. Ila soma kwamba amesema, "Nakudai." Kisha mwangalie binti vizuri, maana huenda yeye ndiye mwenye mali.