Je, wajua kwa nini timu hurudisha mpira nyuma ilhali lango liko mbele?

Keti jukwaani Mamboleo pale Kisumu, au Bukhungu kule Kakamega, na hazitapita dakika kumi kabla hujasikia: "Mbele! Peleka mbele!" Beki wa kati kapokea mpira, kainua kichwa, kisha kamrudishia kipa, na mashabiki wamechemka. Kuna siku wana haki. Lakini mara nyingi beki huyo anapiga hesabu ambayo ukiwa jukwaani huioni vizuri.

Uwanja mkubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Timu inayojua kukaba haijaribu kuufunika wote. Mabeki wake wanne na viungo wanne hujibana katika upana wa mita 40 hivi, upande ule ulipo mpira. Ukibutua mbele wakati huo, unaupeleka mpira penye msongamano. Pasi ya nyuma ndiyo inayowatoa. Straika wao akiona mpira umerudi kwa kipa, humkimbilia. Viungo nao hupanda kumfuata ili wasiachane naye. Mara nyuma ya migongo yao kuna uwazi ambao sekunde tano zilizopita haukuwepo.

Kipa ndiye anayeuzidishia upande wako idadi ya watu. Mabeki wawili wa kati wakitanuka hadi pembe za eneo la hatari, pamoja na kipa wanakuwa watatu dhidi ya mastraika wawili. Mmoja akikabwa na wa pili akikabwa, lazima yupo aliye huru. Tangu sheria ya goli kiki ibadilishwe mwaka 2019, mpira unaweza kupokelewa ndani ya eneo hilohilo la hatari, kwa hiyo wapinzani huvutwa kutoka mbali zaidi kuja kukaba. Wakija, wameacha kwao wazi.

Uwazi ukishapatikana, kuuingia ni kazi ya watu watatu. Beki anampa kiungo ambaye ana mkabaji mgongoni. Kiungo hathubutu kugeuka. Anaugusa mara moja tu na kumwachia mwenzake aliye kando, ambaye tayari anatazama lango la wapinzani. Huyu wa tatu ndiye aliyelengwa tangu mwanzo. Yule wa kati alikuwa chambo, na mkabaji wake ameshatoka mahali pake.

Yote haya yanategemea mambo matatu. Kwanza, kasi. Pasi iliyopigwa kwa nguvu huenda mita 12 hadi 15 kwa sekunde, na hakuna mchezaji anayekimbia hivyo. Pasi laini hupoteza faida hiyo: ikichukua sekunde mbili kufika, mkabaji ameshasogea mita nane au zaidi, na anafika nayo pamoja. Pili, pasi inapaswa kufikia mguu ulio mbali na mkabaji, ili mpokeaji aupokee mwili ukiwa nusu umegeukia mbele. Mpe mguu wa karibu, au nyuma ya kisigino, na atalazimika kurudi alikotoka. Tatu, mpokeaji awe ametazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujafika. Akishaupokea ndipo atazame, amechelewa.

Kosa linaloua zaidi ni pasi ya mlalo katikati ya uwanja. Ikinaswa, aliyepiga na aliyekusudiwa wote wameachwa nyuma kwa mkupuo mmoja, na mnasaji anakimbia akiwa uso kwa uso na mabeki wawili. Pasi ya nyuma kwenda kwa kipa inaonekana ya hatari kuliko hiyo, lakini mara nyingi ina usalama zaidi, mradi ipigwe nje kidogo ya mwimo wa goli na si katikati ya lango.

Umiliki wa mpira pia ni ulinzi, jambo ambalo hutajwa mara chache. Uhispania walitwaa Kombe la Dunia 2010 kwa mabao 8 tu katika mechi 7, na mechi zote nne za mtoano walishinda 1-0. Walifungwa mabao 2 kwa mashindano mazima. Timu inayopanda kwa pasi fupi hufika mbele ikiwa pamoja, kwa hiyo ikipoteza mpira kuna watu watatu wanne karibu wa kuunyakua tena papo hapo. Timu iliyobutua imetawanyika. Ikipoteza, hakuna aliye karibu.

Basi mbona Uhispania haohao walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi mwaka 2018, wakatoka 1-1 na kutolewa kwa penalti? Na mwaka 2022 Japani wakawafunga 2-1 wakiwa na mpira chini ya asilimia 20? Nasi tunao mfano wetu: Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, Harambee Stars wa Kenya waliilaza Morocco 1-0 pale Kasarani, wakicheza kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Morocco ndiyo iliyotwaa kombe lenyewe mwishowe.

Jibu limo katika jinsi asilimia ya umiliki inavyopatikana. Kampuni za takwimu kama Opta huhesabu pasi za kila timu na kuzigawanya kwa pasi zote za mechi. Mabeki wawili wakipeana mpira mara hamsini bila kumsogeza mtu, asilimia inapanda na hakuna kilichotokea. Tena timu iliyotangulia kufunga hurudi nyuma kwa hiari na kuwaachia wengine mpira. Asilimia 70 inaweza kuwa dalili ya kwamba unafungwa.

Kwa kocha wa shule au klabu ya mtaani kuanzia Vihiga hadi Nakuru, uwanja wenyewe nao una usemi. Viwanja vingi vya shule vimechakaa katikati na mbele ya magoli, huku nyasi zikibaki pembeni. Basi jenga kupitia pembeni, na katikati pita kwa mguso mmoja au usipite kabisa. Kwenye ardhi ngumu mpira uliojazwa sana unadunda kama wa tenisi. Sheria inaruhusu kuanzia 0.6 hadi 1.1 atmosfia, na geji nyingi za pampu huonyesha PSI, kipimo kingine cha shinikizo la hewa, kwa hiyo 8.5 ya PSI inatosha. Mvua ya jioni ya Kakamega ikishanyesha, hesabu zinageuka: mpira unakwama kwenye madimbwi, na pasi ya nyuma chini chini ni zawadi kwa straika. Siku hiyo wenye kelele jukwaani wana haki, piga mbele.

Mazoezini, anza na wanne dhidi ya wawili ndani ya mraba wa mita 8, kila mmoja miguso miwili tu. Ukiona wanapoteza kila baada ya pasi tatu, usiwakaripie. Panua hadi mita 10. Hilo likishika, lipe mwelekeo haraka, sita dhidi ya wanne kuelekea goli halisi, maana zoezi la mraba peke yake hufundisha watoto kupiga pasi za kupendeza zisizokwenda popote. Siku ya mechi, mpe mchezaji wa akiba daftari na kazi moja: aweke alama kila mara mpira unapomfikia mwenzake aliye nyuma ya viungo wa wapinzani, akiwa ametazama lango. Hata pasi ya kwa kipa ihesabiwe imefaa ikiwa alama inafuata ndani ya pasi nne au tano. Wakati wa mapumziko, linganisha alama za upande wa kushoto na wa kulia, kisha amua kipindi cha pili mpira uanzie kwa beki yupi.