Sayansi ya chakula si kozi ya upishi
Kijana akisema anasomea sayansi ya chakula SUA, Morogoro, au JKUAT kule Juja, nyumbani huulizwa: "Yaani umeenda chuo kikuu kujifunza kupika?" Hapana. Anasoma kemia, mikrobiolojia (elimu ya vijidudu) na uhandisi. Anajifunza kwa nini maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 kisha hupozwa upesi. Anajifunza pia kupima sumukuvu kwenye mahindi, sumu ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemshwa, na iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kazi ya kwanza mara nyingi ni maabara ya kiwandani: koti jeupe, zamu za usiku, sampuli baada ya sampuli. Inachosha kweli, lakini hapo ndipo mtaalamu hukomaa, hadi neno lake lizuie shehena nzima isitoke getini.