"Si Mwajiriwa, Kasaini Mwenyewe": Dhana Potofu za Waajiri Kuhusu Kodi ya Mishahara

Dhana: Mkataba unasema anayenifanyia kazi ni mkandarasi huru, yaani anajitegemea na kodi yake anajilipia, naye kasaini. Yameisha.

Hayajaisha. Mkaguzi wa kodi ataupokea mkataba wako, ausome, kisha auweke pembeni na kuanza kuuliza maswali. Nani anapanga saa za kazi? Vifaa ni vya nani? Akiugua, anaweza kumtuma mtu mwingine, au anakuomba ruhusa? Ana wateja wengine? Kazi ikiharibika, hasara ni yake? Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 2006, linataka ajira itambuliwe hasa kwa jinsi kazi inavyofanyika na kulipwa, hata kama wahusika wameipa jina jingine.

Fundi aliyekuja siku tatu na mkoba wake, akaunganisha mtandao wa ofisi, akakuandikia ankara na kwenda zake kwa mteja mwingine, huyo ni mkandarasi. Sasa mtazame anayekaa kiti kilekile tangu mwaka juzi, anatumia kompyuta yako, anakuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, na kila tarehe 28 analeta "ankara" yenye kiasi kilekile. Huo ni mshahara.

Hata wakubwa waliteleza hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Microsoft ilikuwa na watu waliosaini kwamba ni wakandarasi huru na kodi zao watajilipia. Lakini walifanya kazi bega kwa bega na waajiriwa, chini ya wasimamizi walewale. Mamlaka ya kodi ya Marekani ikasema hawa ni waajiriwa, kampuni ikakubali na kulipa kodi. Kisha wafanyakazi wenyewe wakaenda mahakamani kudai mafao waliyonyimwa, na mwaka 2000 kampuni ikakubali kulipa takriban dola milioni 97 kumaliza kesi.

Dhana: Tumekubaliana kodi atajilipia mwenyewe.

Makubaliano yenu hayaihamishi sheria. Kama ni mwajiriwa, wajibu wa kukata kodi kwenye mshahara na kuiwasilisha ni wa anayelipa mshahara. Usipokata, deni linakuja kwako, na mara nyingi linakuja na faini na riba.

Dhana: Vibarua na wa muda hawahusiki.

Saa chache hazimtoi mtu kwenye ajira. Zipo nchi zinazosamehe kodi kwa malipo madogo, ila msamaha huo unafuata kiasi anacholipwa, na kuitwa kibarua hakuubadilishi.

Dhana: Makato ni hela ya biashara mpaka siku ya kuyawasilisha.

Hii ndiyo inayoua biashara nyingi kimyakimya, kwa maoni yangu. Mauzo yamelala, mwenye nyumba anapiga simu, na kwenye akaunti kuna makato ya mwezi mzima. "Nitayarudisha wiki ijayo."

Chukua mfano wa Marekani. Mfanyakazi wa dola 1,000 anakatwa 76.50 za hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, na mwajiri anaongeza 76.50 kutoka mfukoni mwake. Hapo kodi ya mapato bado. Hizo za mwajiri ni gharama yake. Zilizokatwa kwa mfanyakazi ni amana, mwajiri kazishika tu. Asipoziwasilisha kwa makusudi, mamlaka ya kodi inaweza kumtoza yeye binafsi adhabu ya kiasi hichohicho, na hata mtu mwingine ofisini aliyekuwa na uwezo wa kuamua nani alipwe kwanza anaweza kuguswa. Kusajili kampuni yenye dhima yenye ukomo, ambayo kwa kawaida madeni yake hayamfuati mwenyewe, hakumkingi hapa.

Ndiyo maana wenye busara hufungua akaunti ya pili na kuhamishia makato humo siku ileile ya mshahara.

Dhana: Nimemkabidhi mhasibu wa nje, mzigo ni wake.

Umemkabidhi kazi tu. Akichelewa, au akila hizo fedha, kwa kawaida mamlaka itakudai wewe. Risiti anayokutumia kwa simu haitoshi. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya kodi kila mwezi uone kama malipo yamefika.