TCAS si rada: maana ya mfumo wa kuepusha ndege kugongana

Kila inapozuka habari ya ndege ya abiria iliyonusurika kugongana na kitu angani, mazungumzo katika baraza za kahawa hapa Tanga huishia kwenye swali lile lile: "Kwani rubani hana rada ya kumwonyesha kilicho mbele?" Muulizaji huwa anakusudia TCAS, na kwa kuiita rada anaipa uwezo ambao haijawahi kuwa nao.

TCAS ni mfumo uliofungwa ndani ya ndege, unaowatahadharisha marubani kwamba ndege nyingine inawakaribia kwa hatari na, hali ikizidi, unawaamuru wapande au washuke. Amri hiyo hutolewa zikiwa zimebaki sekunde 15 hadi 35 kabla ya kukaribiana kabisa, na haiwaambii kamwe wapinde kulia au kushoto. Viwango vya kimataifa huulazimisha kwa ndege za injini za tabini, ziwe za jeti au za pangaboi, zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 5,700 au nafasi za abiria zaidi ya 19, kwa hiyo ndege za injini moja zinazotua kwetu kutoka Pemba na Unguja haziguswi na sharti hilo. Kuhusu maana, hayo yanatosha.

Linalohitaji nafasi zaidi ni tofauti kati ya kuona na kuitikiwa. Rada ya asili hutuma mawimbi, mawimbi yanagonga mwili wa ndege na kurudi, nayo ndege haiulizwi kama imeridhia kuonekana. TCAS haifanyi hivyo. Yenyewe hupiga hodi, takriban mara moja kila sekunde, kwa masafa ya megahezi 1,030, kisha husubiri jibu kwa megahezi 1,090 kutoka kwenye kifaa kiitwacho transponda kilichomo katika ndege nyingine. Kutokana na muda ambao jibu limechukua kufika hukadiria umbali, na kutokana na kimo kilichotajwa ndani ya jibu hilo huamua kama kuna hatari. Transponda ikijibu bila kutaja kimo, tahadhari inaweza kutolewa lakini si amri ya kupanda au kushuka. Isipojibu kabisa, kioo cha rubani kinaonyesha anga tupu.

Hata waongoza ndege, ambao kweli wana rada, kwa sehemu kubwa hutegemea majibu ya transponda. Mwangwi mtupu hauwaambii ndege ni ya nani wala iko juu kiasi gani.

Hapo ndipo glaida, yaani ndege isiyo na injini inayoelea kwa kufuata hewa inayopanda, inapokuwa tatizo la pekee. Haina injini ya kuzalisha umeme, hivyo redio, vipimo na transponda vyote hunyonya betri moja ndogo. Mwili wake mara nyingi ni wa nyuzi za kioo, ambazo hurudisha mwangwi hafifu, na huzunguka polepole mahali pamoja, mwendo ambao mitambo ya rada huweza kuuchuja kama takataka. Ni nyeupe na nyembamba, nayo hupenda kukaa chini ya mawingu meupe, ambako rubani wa jeti anayeshuka kuelekea uwanjani ana muda mfupi mno wa kuitambua kwa macho.

Tarehe 28 Agosti 2006, katika jimbo la Nevada, Marekani, ndege ndogo ya jeti aina ya Hawker 800XP iliyokuwa ikielekea Reno iligongana na glaida kwenye kimo cha futi 16,000 hivi. Jeti ilikuwa na TCAS, na glaida ilikuwa na transponda, ila rubani wake alikuwa ameizima ili kuhifadhi betri. Yeye aliruka kwa mwavuli, jeti ikatua kwa tumbo Carson City, na hakuna aliyekufa. TCAS ya jeti haikuharibika siku ile. Hapakuwa na wa kuiitikia.

Kwa sababu hiyo, karibu na viwanja vyenye shughuli nyingi ulinzi wa kwanza ni mipaka ya anga: glaida haziingii katika njia za kushukia bila ruhusa, na klabu zake hukubaliana na waongoza ndege kuhusu maeneo na vimo. Glaida nyingi za Ulaya hubeba pia FLARM, kifaa kilichobuniwa Uswisi na kuanza kutumika mwaka 2004, lakini hicho huzionya zenyewe kwa zenyewe. TCAS haielewi lugha yake.

Basi ndugu zangu wa barazani, siku nyingine habari kama hiyo ikija, kabla ya kuuliza rada ya rubani ilikuwa wapi, tuulize kwanza kama ile ndege nyingine ilikuwa na transponda, na kama ilikuwa imewashwa.