Mtoto Mwenye Selimundu: Ya Kujua Kabla ya Usiku wa Dharura

Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, anaweza kulala akiwa mzima na kuamka saa nane usiku mwili ukiwaka moto. Angekuwa mtoto mwingine, wazazi wangesubiri kupambazuke. Kwa huyu hawawezi, kwa sababu bandama, kiungo kinachochuja vijidudu katika damu, huharibika mapema katika ugonjwa huu, na maambukizi yanaweza kumuua ndani ya saa chache. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi afikishe angalau miaka 5, na ndiyo maana joto la nyuzi 38.5 au zaidi huhesabiwa kuwa dharura hata kama mtoto bado anacheza.

Kipimajoto basi kiwepo nyumbani, na anayebaki na mtoto ajue kukisoma, kwani kiganja kwenye paji la uso hakitoshi. Parasetamoli inaweza kutolewa, lakini homa ikishuka safari ya hospitali haiahirishwi, maana dawa hiyo imeshusha joto tu, haijaua vijidudu. Hata malaria ikionekana katika kipimo cha haraka, mhudumu aambiwe kwamba mtoto ana selimundu kabla hajaandika dawa, kwa kuwa malaria haizuii maambukizi mengine kuwepo.

Kliniki yetu huwaomba wazazi waandike karatasi moja na kuibandika nyuma ya mlango wa kabati, nakala ikae pamoja na kadi ya kliniki na ya bima. Iwe na jina la mtoto, uzito wake, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, kundi lake la damu na mara ya mwisho alipoongezewa damu. Juu ya yote, iwe na kiwango cha damu anachokuwa nacho siku za kawaida. Wengi hulisahau jambo hili, nami ningependa lisisahaulike. Watoto wengi wenye selimundu huishi na kiwango cha kati ya 6 na 9 (gramu za himoglobini kwa desilita ya damu), kwa hiyo daktari wa zamu akikuta 7 anaweza kuharakisha kumwongezea damu mtoto ambaye hiyo 7 ndiyo kawaida yake. Na kwa mtoto aliyezoea 9, hiyo hiyo 7 ni ishara kwamba kuna jambo kubwa linaendelea. Pasipo karatasi, tarakimu hiyo haimwambii daktari mengi.

Jambo kubwa hilo mara nyingine ni bandama kunasa damu na kuvimba ghafla, mtoto akapauka, akalegea, tumbo likajaa upande wa kushoto. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuipapasa: mtoto analala chali, magoti yamekunjwa, nawe unabonyeza taratibu kwa vidole vilivyolala, ukianzia chini tumboni na kupanda hadi kwenye mbavu za kushoto. Baadhi ya wazazi huweka kijiti cha mbao kuanzia kwenye chuchu ya kushoto na kukitia alama pale ncha ya bandama inapofikia, ili siku ya mashaka walinganishe. Nchini Jamaika wazazi walianza kufundishwa kupapasa hivyo miaka ya 1970, na vifo vya tatizo hili vikapungua sana.

Kuhusu damu, wazazi wote wawili mara nyingi wamebeba kinasaba cha selimundu, na inashauriwa damu ya namna hiyo asipewe mgonjwa huyu. Kwa hiyo majina ya ndugu na majirani walio tayari kuchangia yapatikane mapema, sambamba na namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku, na akiba ya nauli isiyoguswa kwa matumizi mengine.

Maumivu ya mifupa yasiyoambatana na homa huweza kuanza kutulizwa nyumbani kwa maji mengi ya kunywa, kitambaa cha uvuguvugu (barafu kamwe) na dawa ambazo daktari amekwisha kuzipangia kipimo kulingana na uzito. Yakimshinda, au akibanwa na kifua, au mdomo ukipinda na mkono mmoja ukakosa nguvu, hapo hakuna cha kusubiri. Dalili hizo azijue pia shangazi au dada wa kazi, kwa sababu mara nyingi mtoto hushikwa mama akiwa msibani mkoani.

Wavulana wana dharura yao nyingine, nayo ni uume kusimama kwa maumivu bila kulegea. Ukidumu hivyo kwa zaidi ya saa 4 unaweza kuleta madhara ya kudumu, na kijana hujificha chumbani kwa aibu mpaka saa hizo ziishe. Baba au mjomba amweleze mapema, kabla halijamtokea, na wakubaliane kwamba akishindwa kulitamka atakuja kuonyesha kwa kidole mstari ulioandikwa kwenye ile karatasi ya kabatini.