Sentensi moja ya atan2

Kwenye nyaraka za maktaba yetu ndogo ya ramani (maktaba ya msimbo wa kompyuta, si ya vitabu) palikuwa na sentensi niliyoiandika mwenyewe kuhusu atan2, amri ya kutafuta pembe: "atan2(y, x) hutoa pembe ambayo tanjiti yake ni y/x." Ukiisoma huoni kosa, maana tanjiti ya jibu kweli ni y/x. Ikakaa humo mpaka mwenzangu mmoja, akiandika upya sehemu ya mishale ya dira, alipoiamini: akagawanya y kwa x kwanza, kisha akaita atan, amri inayopokea tanjiti moja tu na kurudisha pembe.

Chukua safari ya Tanga kwenda Dodoma. Unakwenda magharibi nyuzi 3.4 hivi na kusini 1.1 hivi (mviringo wa dunia tuuache kwa leo), kwa hiyo x (mashariki) na y (kaskazini) zote ni hasi. Hasi kwa hasi ni chanya: 0.32. Atan ikipewa hiyo inajibu nyuzi 18 kaskazini ya mashariki, na mshale wa Dodoma unaelekea baharini, upande wa Pemba! Jibu sahihi ni nyuzi -162.

Atan haina la kulaumiwa. Yenyewe inajua nusu duara tu, -90 hadi 90, na ukishagawanya, alama za hasi na chanya zimekwisha potea. Atan2 hupokea namba mbili mbalimbali ili alama zisipotee, na sentensi yangu ilificha jambo hilohilo.

Sasa inasomeka hivi: "Hutoa pembe, kwa radiani (π ni nyuzi 180), kati ya upande chanya wa mhimili wa x na mstari utokao (0, 0) kwenda (x, y). Jibu liko kati ya -π na π." Nikaongeza onyo kwamba y hutangulia, kwa sababu wengi wetu hujaribu hesabu kwenye Excel, na huko ATAN2 hutaka x kwanza. Tena Excel ikipewa sifuri mbili hutoa #DIV/0!, wakati lugha ya programu ya Python hujibu 0.0 bila kusitasita.

Mwenzangu alicheka alipoona nimeandika habari za sifuri hasi, yaani -0.0, ambayo kompyuta huitofautisha na 0.0. Akajaribu: atan2(0.0, -1.0) ikampa π, atan2(-0.0, -1.0) ikampa -π. Mstari ukabaki.

Mfano wa Tanga na Dodoma nao nimeuweka. Wa zamani ulikuwa atan2(1, 1), ambapo njia zote mbili hutoa nyuzi 45.