Tumbo la Sungura na Madhara ya Kumlisha Kupita Kiasi

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mama mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, aliniletea sungura ndani ya kikapu cha ukili, amemfunika leso. Alidhani ameshikwa na baridi, kwa kuwa alikuwa amejikunyata tangu alfajiri, macho nusu wazi, akisaga meno kwa sauti ndogo iliyosikika pale tu tuliponyamaza. Ndani ya kikapu mlikuwa na punje nne za choo, ndogo kama pilipili manga, mbili kati yake zimeunganishwa na unywele. Nilipouliza amekula nini, watoto walijibu kabla ya mama yao: kaimati, tende na ndizi mbivu, kila usiku baada ya futari.

Hiyo haikuwa baridi, bali utumbo uliosimama. Wenyeji wa Lamu hulielewa jambo hili upesi wakikumbushwa punda wao, maana punda na sungura hawacheui kama ng'ombe. Nyasi zao huchachushwa na bakteria waishio nyuma ya utumbo mwembamba. Kwa sungura, bakteria hao wamo katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazoufanya utumbo uendelee kusukuma. Wanga na sukari vikifika humo kwa wingi, bakteria wabaya huongezeka, hewa hujaa, maumivu humfanya mnyama aache kula, na kwa kuacha kula utumbo huzidi kulala. Tena sungura hawezi kutapika.

Kwa sababu hiyo nawaomba wafugaji wakitazame choo kila asubuhi kabla ya kufagia kibanda. Choo cha kawaida ni punje kavu za mviringo, zinazokaribiana kwa ukubwa, na kwa siku hufika mamia. Kiko pia choo cha pili, ambacho huwatisha wengi bure: laini, cheusi, kimeshikana kama kichala cha zabibu. Sungura hukila moja kwa moja kutoka nyuma yake, kwa kuwa kina protini na vitamini za kundi B, na hapaswi kuzuiwa. Kikionekana kimeachwa sakafuni au kimegandamana na manyoya, ama vyakula vitamu vimezidi, ama mnyama amenenepa hata hawezi kujifikia. Hapo nzi hutaga mayai, na katika joto letu funza hutokea kwa muda wa siku moja tu. Kuharisha maji matupu ni jambo jingine kabisa. Kwa watoto wa sungura walioachishwa kunyonya mara nyingi husababishwa na koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, nao hufa haraka.

Unene hupimwa kwa vidole. Mbavu zihisike chini ya ngozi kama ukili wa mkeka unavyohisika chini ya shuka. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amezidi.

Nyasi ndizo chakula chenyewe, mbichi au kavu, na zisikosekane mchana wala usiku. Mjini hazipatikani kwa urahisi, lakini mwenye jamaa Mokowe au Mpeketoni anaweza kuletewa. Peleti za dukani, yaani chakula kilichokandamizwa kuwa punje, zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura mzima kwa siku, yaani kwa sungura wa kilo 2 kama kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Karoti, ambayo vitabu vya watoto vimeifanya chakula chake, ina sukari na iwe kipande tu. Mkate, mahamri na ugali visimfikie. Majani mapya yaanzishwe kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10. Wakati wa kaskazi maji yabadilishwe mara kwa mara, yawe baridi, wala yasiwe ya kisima chenye chumvi, ambayo huyanywa shingo upande.

Sungura asiyekula kwa saa 12 apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Ikiwa tumbo limejaa na kukaza kama ngoma, asilishwe chochote kwa nguvu njiani. Asipewe antibiotiki zilizobaki nyumbani: penisilini na amoksilini kwa mdomo huua bakteria wake wema na zaweza kumuua yeye mwenyewe. Na aliyenenepa asifungishwe, kwani akikaa na njaa mafuta hukimbilia ini.

Yule wa Langoni tulimpa dawa ya maumivu na maji chini ya ngozi, na tulipohakikisha njia haijaziba, tukamlisha nyasi zilizosagwa kwa bomba la sindano. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, mtoto mdogo wa nyumba ile alikuja mbio kunieleza kwamba amehesabu punje kumi na moja.